Zao Lisilolika

Salama ni mji wa barabara. Ukitoka Nairobi kuelekea Mombasa, ukishapita Malili, unaukuta umejipanga kandokando ya lami katika kaunti ya Makueni: hoteli za chai na muthokoi, gereji, wauza machungwa, malori ya masafa marefu yaliyopumzishwa karibu na vilima. Nyuma ya mji huo kuna mashamba yaliyokatwa matuta, yenye mahindi, ndengu, kunde na mbaazi. Mafuta ya magari hupita hapa usiku na mchana, mengine kwenye malori ya tangi, mengine chini ya ardhi katika bomba la Mombasa hadi Nairobi lililoanza kazi mwaka 1978. Mkulima wa Salama hana fungu katika mafuta hayo. Huyakuta katika nauli ya bodaboda, katika bei ya kusagisha unga na katika kila kinacholetwa dukani kwa gari.

Ndiyo maana habari kwamba mafuta yanaweza kuota shambani ilisikilizwa kwa makini ilipofika Ukambani, eneo la Makueni, Machakos na Kitui, katikati ya miaka ya 2000. Ilikuwa habari njema kwa watu waliozoea kuambiwa kwamba ardhi yao haina faida. Kwa karibu miaka ishirini sasa habari hiyo imekuja kwa sura mbalimbali, kwanza mbono, kisha mbarika. Kila mara imekuja na hesabu ya faida iliyoandikwa vizuri. Makala hii inahusu upande wa pili wa hesabu, ule ambao haukuandikwa, kwa sababu waliotakiwa kuulipa hawakuwepo ilipokuwa ikipigwa.

Mti uliosifiwa wakati ule ulikuwa mbono, ambao wakulima wengi waliujua kwa jina la jatrofa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na katika sehemu nyingi za Afrika umetumika kama ua, kwa kuwa una sumu na mbuzi hawaugusi. Takriban theluthi ya uzito wa mbegu zake ni mafuta, na mafuta hayo yakisafishwa huweza kugeuzwa dizeli. Waliouleta waliutolea sifa tatu: hauhitaji mvua nyingi, hauhitaji udongo mzuri, na kwa sababu hizo mbili hautagombania shamba na chakula. Dunia nzima ilikuwa ikitafuta mti wa aina hiyo. Mwezi Julai 2008 bei ya pipa la mafuta ghafi ilipita dola 140. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukajiwekea sheria kwamba kufikia mwaka 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke katika vyanzo visivyokwisha. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 ilikuwa tayari imetaka nishati za mimea ziendelezwe, na Wizara ya Nishati ikatoa mkakati wa dizeli ya mimea wa miaka ya 2008 hadi 2012. Mashirika na makampuni yakaanza kugawa na kuuza miche.

Miaka michache ilitosha kuupima mti huo. Mwezi Desemba 2009 ilitoka ripoti iliyogharimiwa na shirika la maendeleo la Ujerumani, GTZ, na kuandaliwa pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI. Watafiti walikuwa wamewatembelea karibu wakulima 300 waliopanda jatrofa katika sehemu mbalimbali za nchi. Walikuta mavuno madogo mno, na gharama za kuyapata zikiyashinda mapato. Ushauri wao ulikuwa wazi: serikali, mashirika na makampuni yaache kuwahimiza wakulima wadogo kuupanda mti huo kama zao la shamba, uwe peke yake au umechanganywa na mimea mingine. Matumizi waliyoona yanafaa ni ya zamani, yaani kuupanda kama ua.

Kosa lilikuwa katika kuchanganya mambo mawili. Kustahimili kiangazi ni jambo moja, kuzaa wakati wa kiangazi ni jambo jingine. Mbono ukikosa maji hupukutisha majani, ukatulia na kusubiri. Haufi, lakini hauzai chochote cha maana. Ili uzae vizuri unahitaji maji, rutuba na palizi kama mimea mingine, na pale unapopata vyote hivyo, mahindi au mbaazi vingestawi pia. Tena miche iliyogawiwa ilitokana na mbegu ambazo hazikuwa zimechaguliwa wala kuboreshwa kwa miaka mingi kama zilivyoboreshwa mbegu za mahindi. Mti mmoja ungeweza kuzaa kidogo, wa jirani usizae kabisa, na wadudu na magonjwa ya majani, ambayo vipeperushi vilisema hayapo, yakaja.

Tuchukue lori moja la tangi linalopita Salama likiwa na lita 36,000. Kwa mashine ndogo za kukamua, hesabu ya kawaida ni kilo nne za mbegu za mbono kwa lita moja ya mafuta. Kulijaza lori hilo kunahitaji kilo 144,000 za mbegu, sawa na uzito wa magunia 1,600 ya mahindi ya kilo 90. Tukiwa wakarimu na kuupa kila mti kilo nzima kwa mwaka, kiasi ambacho miti mingi ya wakulima haikukifikia, itahitajika miti 144,000. Ikipandwa mita mbili kwa mbili, ekari moja hubeba karibu miti elfu moja. Basi lori moja ni ekari 144 zilizohudumiwa mwaka mzima, zote zikiwa na mti usiolika, katika eneo ambalo familia nyingi huishi kwa ekari chache tu. Lori hilo likiisha kupita, lingine liko nyuma yake.

Gharama ya kwanza iliyofichwa ilikuwa muda. Mbono huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa kwa kiwango chochote cha kutegemewa. Katika miaka hiyo mkulima hupalilia, huziba mapengo ya miche iliyokufa, na kukosa mavuno ya kipande hicho cha ardhi kwa misimu sita, kwa kuwa Ukambani kuna misimu miwili kwa mwaka. Ada ya shule haingoji miaka mitatu. Aliyeng'oa ndengu ili apande jatrofa alikuwa amekopesha shamba lake bila riba na bila dhamana, na aliyekopeshwa hakutia saini popote.

Gharama ya pili ilikuwa jasho. Matunda ya mbono hayaivi kwa pamoja. Kwenye kishada kimoja utakuta la kijani, la njano na lililokauka, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara nyingi. Kisha matunda hupasuliwa, mbegu hutolewa na kuanikwa. Katika vijiji vingi kazi za namna hiyo huangukia wanawake na watoto, juu ya kuteka maji na kutafuta kuni. Katika mipango ya biashara jasho hilo liliandikwa kuwa ajira. Lakini kazi isiyolipa hata thamani ya siku ya kibarua hupunguza nguvu ya nyumba, hata ikiitwa ajira.

Ya tatu ilikuwa soko. Kwa muda mfupi kulikuwa na fedha, na fedha hiyo ndiyo iliyowavuta wengi. Walioanza mapema waliuza mbegu kwa wapandaji wapya, kwa bei ya mbegu ya kupandia, ambayo ilikuwa juu sana kuliko bei ambayo kiwanda cha kukamua kingeweza kulipa. Mkulima aliona jirani yake akiuza, akaamini kwamba hilo ndilo soko la mafuta. Lilikuwa soko la wapandaji wanaouziana matumaini. Wapandaji wapya walipokwisha, nalo likakauka, na kiwanda cha kununua mavuno hakikuwepo karibu.

Lakini gharama iliyo kubwa kuliko zote, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo hili, ni ya nne. Mbono hauliki. Mbegu zake ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, na hata mashudu yanayobaki baada ya kukamua hayafai kulishwa ng'ombe. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa sifa: zao lisilolika halitaingia katika ugomvi wa chakula na mafuta. Kwa mtu anayeishi mbali na shamba hoja hiyo ina mantiki. Kwa mkulima wa nchi kame ina maana nyingine kabisa.

Katika Makueni na Kitui, kazi ya kwanza ya zao ni kuilinda nyumba dhidi ya msimu mbaya, na faida hufuata baadaye. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi, na hata hizo hukosa. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023, sehemu kubwa ya Kenya kame ilipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Ndiyo sababu mkulima huchanganya. Mahindi yakinyauka, ndengu zilizoiva mapema huwa zimekwishaingia ghalani. Ndengu zikikosa bei, hupikwa. Mbaazi huendelea kusimama kiangazini, mizizi yake ikinyonya unyevu wa chini, na ikikosa mnunuzi huliwa mbichi na kavu. Majani yake huanguka na kurutubisha udongo, na mabua yake huwa kuni. Akiba haiozi, na akiba ya mkulima wa Ukambani ni kwamba karibu kila alichopanda kina njia mbili: sokoni au chunguni.

Soko la mbali linaweza kufungwa siku moja bila aliye shambani kujua. Mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi inazoagiza kutoka nje kwa mwaka. Bei ilianguka, Tanzania na Kenya pia. Wakulima waliumia sana. Hata hivyo, waliobaki na magunia nyumbani walibaki na chakula. Weka mbegu za jatrofa katika magunia hayo, na mkulima anabaki na sumu ghalani.

Ukambani inalijua fundisho hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1980 ilipita njaa ambayo watu waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika. Kilichoshikwa mkononi kilikuwa pesa. Watu walikuwa nazo, lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Kila mpango unaomwambia mkulima aache chakula alime mafuta, kisha anunue unga kwa mapato yake, unapaswa kwanza kujibu swali la njaa hiyo: katika mwaka ambao mvua imekosa kila mahali, unga huo utatoka wapi, na kwa bei gani?

Waliozipigia debe nishati za mimea walizoea kusema kwamba mimea hiyo itapandwa kwenye ardhi iliyochakaa, isiyotumika. Natamani kila aliyeandika maneno hayo angetembezwa nyuma ya mji wa Salama. Ardhi inayoonekana tupu mwezi wa Agosti ni malisho ya mbuzi, na mbuzi ndiye anayeuzwa karo inapodaiwa. Ni mahali pa kuni, mizinga ya nyuki na dawa za miti. Na ile inayolimwa haikukutwa ikiwa tayari. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ili maji yasimame, yalichimbwa kwa jembe na sururu na makundi ya mwethya, yaani ya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitazama Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakaiona nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kinyume chake: watu walikuwa wameongezeka sana, na ardhi ilikuwa ikitunzwa vizuri zaidi kuliko awali. Ardhi hiyo ina thamani kwa sababu kuna watu waliolipa thamani yake kwa migongo yao.

Mahali ambapo maneno ya ardhi tupu yaliaminiwa na kutiwa saini, hasara ilikuwa kubwa zaidi. Wilayani Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili ipande jatrofa, kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 2011 mradi ulisimama, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na wanavijiji wakajikuta hawana ajira waliyoahidiwa wala ardhi waliyoitoa. Huku Kenya, wawekezaji wa Italia walitaka hekta 50,000 katika msitu wa Dakatcha, karibu na Malindi, makao ya ndege adimu aitwaye kwera wa Clarke, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Kenya. Mashirika ya uhifadhi, likiwemo Nature Kenya, yalipinga. Utafiti yaliouagiza, uliotolewa mwaka 2011, ulikadiria kwamba ukihesabu msitu utakaofyekwa na safari nzima ya mafuta hayo, jatrofa ya Dakatcha ingetoa hewa chafu mara mbili na nusu hadi sita zaidi ya mafuta ya kawaida ambayo ingechukua nafasi yake. Zao lililoletwa kwa jina la kuiponya hali ya hewa lingeiharibu zaidi. Hiyo nayo ni gharama iliyofichwa, maana kaboni iliyokuwa ndani ya miti na udongo haikuonekana katika hesabu iliyoanzia kwenye mche.

Wimbi la pili limefika Makueni likiwa na sura tofauti, na haki inataka tulipime kwa kipimo chake. Mwezi Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilianzisha Wote, makao makuu ya kaunti, kituo cha kukusanya na kukamua mbegu kilichotangazwa kuwa na uwezo wa tani 15,000. Mbegu zenyewe ni za mbarika, za miti ya krotoni, na za pamba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka bandari ya Mombasa kuelekea kiwanda cha Gela, Sicily. Mwezi Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mafuta ya ndege yaliyochanganywa na mafuta endelevu ya Eni. Mwaka 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na mfuko wa tabianchi wa Italia walitangaza dola milioni 210 za kuupanua mpango huo nchini.

Kuna mambo ambayo wimbi hili limeyafanya vizuri kuliko la kwanza. Kiwanda kipo, na kiko ndani ya kaunti. Mbarika huzaa katika miezi, hauhitaji kungojwa miaka. Mbegu za pamba ni mabaki ya nyuzi, na za krotoni huokotwa chini ya miti ambayo tayari imesimama mipakani na kando ya barabara. Hakuna aliyehama wala kuacha mahindi ili krotoni idondoke. Kampuni yenyewe husema mbarika unapandwa kwenye ardhi iliyochakaa au kwa kupokezana na mazao mengine, bila kugusa chakula. Hata hivyo, mwaka 2024 shirika la Ulaya liitwalo Transport & Environment lilichapisha uchunguzi uliosema uzalishaji ulikuwa mbali na malengo, na kwamba wakulima waliohojiwa walikuwa wamevunjwa moyo na mavuno.

Nguvu inayousukuma mpango huu iko mbali na Wote. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafuta ya ndege yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu tangu mwaka 2025, asilimia 6 mwaka 2030, na asilimia 70 mwaka 2050, na mafuta yatokanayo na mazao ya chakula hayahesabiwi. Zao lisilolika kutoka ardhi iliyochakaa limekuwa na soko la uhakika, kwa amri ya sheria. Kwa hiyo jina hilo la ardhi iliyochakaa lina bei, na yeyote atakayelibandika juu ya shamba la mtu ana maslahi ya kulibandika. Mkulima anapaswa kujua kwamba shamba lake linapoandikwa hivyo, kuna anayefaidika na maandishi hayo. Na mbarika, kama mbono, una sumu. Msimu ukikosa, hauingii chunguni.

Sisemi tuendelee na mafuta ya zamani kana kwamba hayana deni. Makueni inajua. Mwezi Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba lilelile la Mombasa hadi Nairobi, yakaingia mto Thange huko Kibwezi. Watu walipoteza maji, mashamba na afya, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wakidai haki. Gharama zilizofichwa ni tabia ya biashara yoyote ya nishati inayowaacha walio karibu nayo nje ya hesabu. Kinachohuzunisha ni kuiona nishati iliyokuja kurekebisha kosa hilo ikilirudia, huku majiko mengi ya Ukambani yakiendelea kuwaka kwa kuni na makaa, na mafuta yaliyokamuliwa Wote yakipakiwa kwenda kurusha ndege za wengine.

Marekebisho hayahitaji elimu ya ajabu. Mmea wowote wa mafuta ukae pembezoni: kwenye ua, kwenye mpaka, kwenye mti ambao tayari upo, au katikati ya mistari ya mbaazi baada ya majaribio ya wazi ya misimu kadhaa katika eneo hilohilo, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Bei ya chini iandikwe kabla ya mbegu kuingia ardhini. Sehemu ya mafuta ibaki kaunti, kwa mashine za kusagia na pampu za maji. Anayenunua aweke fungu la kumlipa mkulima msimu unapokosa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshawishi kuweka shambani kitu ambacho watoto wake hawawezi kula. Kampuni ina bima ya meli na bima ya kiwanda. Mkulima wa Salama bima yake ni ndengu na mbaazi, na anapoombwa aipunguze, anastahili kupewa nyingine mahali pake.

Mikutano ya kutangaza mazao mapya hufanyika barazani, mbele ya chifu na afisa wa kilimo, na maswali mengi huwa ni ya bei ya kilo. Swali linalopaswa kutangulia hilo ni hili: mvua ikikosa, au mnunuzi akiondoka, nani atabeba hasara? Jibu likiwa ni mkulima peke yake, mafuta hayo yameuzwa chini ya gharama yake, na tofauti imelipwa kwa chakula cha nyumba isiyokuwa na cha ziada. Mpango unaoshindwa kulijibu swali hilo kwa maandishi urudishwe ulikotoka, hata ukiwa umebeba jina zuri namna gani.